Kulinda skrini za ndege na mawimbi ya redio ya nje: kazi iko nyuma ya paneli

Skrini ya kisasa ya ndege hutoka kiwandani ikiwa imeshapigwa mawimbi makali maabara na ikavumilia. Kinachoiponza baadaye ni vitu vidogo vilivyo nyuma yake: skrubu ya konekta iliyolegea, wavu wa waya uliokatika, rangi iliyopakwa mahali ambapo chuma kilitakiwa kigusane na chuma, na chumvi ya bahari. Mimi ni fundi wa avioniki, yaani vifaa vya elektroniki vya ndege, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ndege ndogo za abiria zinazoruka kati ya Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia. Nawaandikia mafundi wenzangu, hasa vijana walioko kwenye mafunzo, na marubani wanaotaka kujua watuambie nini wanaposhuka na malalamiko.

Kabla hujashika spana, elewa jambo moja. Kila kipimo nitakachokitaja kiko chini ya mwongozo wa matengenezo wa ndege yako na mwongozo wa ufungaji wa kifaa chenyewe. Vitabu vikisema tofauti na mimi, fuata vitabu, na kazi isainiwe na mwenye leseni.

Piga hesabu ya mawimbi kwanza

Ipo hesabu fupi ambayo kila fundi anapaswa kuwa nayo kichwani. Chukua nguvu ya mtambo kwa wati, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 7, kisha gawanya kwa umbali wa mita. Jibu ni volti kwa mita, yaani ukali wa mawimbi pale ulipo. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuonyesha ukubwa wa tatizo.

Mtambo wa FM wa kilowati 10 unakupa 700 ukigawanya kwa umbali. Ukipita mita 100 kutoka kwenye antena yake unapigwa volti 7 kwa mita. Ukiwa kilomita moja ni volti 0.7 tu. Sasa angalia ndani ya ndege yako. Redio ya VHF ya wati 10, ile ambayo rubani huongea nayo na waongozaji, inakupa 22. Waya uliopita mita moja tu kutoka kwenye antena hiyo, bila chuma cha bodi katikati, unapigwa volti 22 kwa mita kila rubani anapobonyeza kitufe cha kuongea. Redio yako mwenyewe inaushinda mnara wa kilowati 10 ulio mita 100. Hii ni habari njema, kwa sababu ina maana kwamba unacho chombo cha kujaribia kinga ya ndege hata kama hakuna mnara karibu. Nitarudi hapo.

Masafa mafupi (shortwave) yana hatari ya aina yake. Kituo cha redio cha Dole, Unguja, kwa miaka mingi kimejulikana kwa mtambo wa kilowati 50 kwenye kilohezi 11,735. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita 25.6, na nusu yake ni mita 12.8. Cessna Grand Caravan, ndege tunayoiona kila siku hapa, ina urefu wa karibu mita 12.7 kutoka pua hadi mkia. Kipande cha chuma chenye urefu wa nusu wimbi ndicho antena nzuri kuliko zote, kwa hiyo wimbi la namna hiyo likiikuta ndege imelala sambamba nalo, bodi nzima hupitisha mkondo. Simaanishi kwamba anga ya Dole ni hatari. Kwa umbali wa kilomita moja hesabu yetu inatoa volti 1.6 kwa mita, na hata antena ikiwa imeelekeza nguvu zake upande wako, bado ni kiasi ambacho kifaa kilichofungwa vizuri hakihangaiki nacho. Ninachotaka ushike ni kwamba masafa mafupi huingia kupitia bodi yenyewe na nyaya ndefu, ilhali masafa ya juu huingia kupitia nyaya fupi, mianya na kioo cha skrini. Kwa hiyo kinga zake hazifanani.

Kwamba mawimbi huangusha ndege, hilo lina ushahidi. Mwaka 1990, huko North Carolina, Marekani, ndege ya puto ilikatiza mbele ya antena ya Sauti ya Amerika, injini zote mbili zikazimika, ikaishia kwenye miti. Mwaka 1999, Ureno, helikopta ya Robinson R44 ilipita karibu na antena ya masafa mafupi; rubani alisikia redio zikivurugika, taa za tahadhari zikawaka, injini ikashuka hadi mzunguko wa chini kabisa, ule wa kungoja, naye akaishusha salama bila nguvu ya injini. Matukio hayo yalitajwa mwaka 2007, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilipotunga kanuni za kinga ya mifumo ya umeme na elektroniki dhidi ya mawimbi makali ya nje.

Soma karatasi za kifaa

Kila kifaa kilichoidhinishwa kina fomu inayoonyesha kilipimwa vipi kwa RTCA DO-160, kiwango cha majaribio ya vifaa vya ndege. Nenda sehemu ya 20, utakuta herufi. S ni volti 1 kwa mita, T ni 5, R ni 20, W ni 100, na Y ni 200. Ukikuta skrini ya herufi W imeunganishwa na kihisi cha herufi T, umeshajua mlango dhaifu uko wapi hata kabla ya kufungua kitu. Na jua kwamba kifaa kilipata herufi yake kikiwa kimeunganishwa na nyaya zile zile zilizochorwa kwenye mwongozo, na nyavu zake zimefungwa kama mchoro unavyosema. Ukibadilisha nyaya, ile herufi si yako tena.

Chuma kwa chuma

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu pwani ndipo panapoharibika zaidi.

Trei ya kifaa, msingi wa antena, mlango wa paneli, kila kimoja kinatakiwa kigusane na bodi ya ndege kiasi kwamba mkondo wa mawimbi unapita bila kizuizi. Mwongozo wa FAA wa AC 43.13-1B unataja omu 0.003, yaani miliomu 3, na viwango vingi vya vifaa vya redio vinataka miliomu 2.5. Kipimo hiki hakipimwi kwa multimita ya kawaida. Nyaya za multimita peke yake zina omu 0.1 au 0.2, mara nyingi zaidi ya kile unachokitafuta. Unahitaji mita ya miliomu ya nyaya nne: mbili zinapitisha mkondo, mbili zinasoma volti, hivyo ukinzani wa nyaya zenyewe hauingii kwenye jibu. Kama karakana yenu haina, azimeni. Bila mita hiyo mnabahatisha.

Chukua msingi wa antena ya VHF chini ya tumbo la ndege iliyolala Unguja msimu mzima. Ukifungua skrubu nne na kushusha antena, utaona pembeni pa tundu la kebo unga mweupe, laini kama poda, umeingia chini ya sponji ya kuziba maji. Hiyo ni kutu ya alumini. Haipitishi umeme. Chini yake alumini imechimbika vishimo vidogo, na ukipitisha kucha unavihisi. Antena bado inaongea, rubani hajalalamika, lakini mkondo wa mawimbi uliotakiwa ubaki nje ya bodi sasa unafuata ganda la kebo hadi ndani, nyuma ya skrini.

Safisha kwa pedi laini ya nailoni ya kusugulia. Usitumie sufu ya chuma wala msasa wenye chembe za chuma, kwani mabaki yake yatajichimbia ndani ya alumini na kuanzisha kutu mpya. Sugua eneo kubwa kidogo kuliko lile linaloguswa, mpaka ung'ae, kisha futa kwa alkoholi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Alumini iliyo uchi huanza kupata ngozi ya oksidi mara moja, basi usiende kula kwanza. Paka dawa ya kromati, ile wanayoiita Alodine. Itageuka rangi ya dhahabu hafifu, nayo inazuia kutu huku ikiruhusu umeme kupita. Vaa glavu na miwani, kwa sababu kromati ya aina hiyo husababisha saratani, na kitambaa ulichotumia usikitupe ovyo. Acha ikauke, funga kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa, pima, ndipo uzibe kingo kwa silanti. Ukiziba kabla ya kupima umejifungia mlango mwenyewe.

Usichanganye Alodine na anodaizi. Alumini iliyofanyiwa anodaizi inapendeza machoni lakini ngozi yake ni kizio cha umeme. Sehemu ya kugusana lazima ngozi hiyo iondolewe.

Ukanda wa kuunganisha nao una kanuni zake. Uwe mfupi na mpana. Urefu usizidi upana mara tano. Waya mwembamba wa duara unaweza kukupa miliomu nzuri kwenye mita na bado ukawa ukuta mbele ya mawimbi, maana mita inapima mkondo usiobadilika na mawimbi yanabadilika mamilioni ya mara kwa sekunde. Ukitumia ukanda wa shaba kwenye alumini, uwe umepakwa bati, na washa zilizotajwa kwenye kitabu ziwepo, la sivyo metali hizo mbili zitalana kwenye unyevu wa chumvi.

Rangi ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndege moja tuliyoipokea kutoka kwenye kazi ya rangi ilikuwa inapendeza kweli. Baada ya siku chache kapteni akaja karakana.

"Dada fundi, skrini ya kulia imenikonyeza tena."

"Ukiwa wapi, kapteni?"

"Kule bara, ule mnara wa redio kabla ya kuteremka. Nimepita chini kidogo kwa sababu ya mawingu."

"Chini kiasi gani? Na dira iligeuka au picha tu ilitetemeka?"

Alikuwa ameandika vyote kwenye karatasi ya safari: saa, futi, upande wa mnara, na kwamba picha ilitetemeka lakini dira haikugeuka. Maelezo hayo yalinipunguzia kazi ya usiku mzima, kwa sababu dira kutogeuka kuliondoa kihisi cha sumaku kwenye orodha ya washukiwa. Tulikuta waliopaka rangi wamerudisha antena mbili juu ya rangi mpya, chuma hakigusi chuma kabisa, na kifuniko kimoja nyuma ya paneli kikiwa kimefungwa juu ya tone la rangi lililokauka. Tangu hapo, ndege ikitoka kupakwa rangi, mimi hupima viungo vyote vya antena kabla haijaruka, hata kama hakuna aliyeniomba.

Wavu wa waya

Nyaya za data na za vihisi vya skrini huvikwa wavu wa shaba. Wavu ule unakusanya mkondo wa mawimbi na kuupeleka kwenye bodi kabla haujafika kwenye waya wa ndani. Swali ni unaufunga vipi mwishoni.

Njia bora ni wavu kubanwa pande zote, duara kamili, kwenye kofia ya chuma ya konekta. Njia ya mkato ni kuusokota wavu ukawa mkia na kuufunga kwa skrubu. Angalia mkia huo unafanya nini. Sentimita moja ya waya ina takriban nanohenri 10. Mkia wa sentimita 5 ni nanohenri 50. Kwenye masafa ya FM, megahezi 100, huo ni ukinzani wa omu 31. Umehangaika kupata miliomu 2.5 kwenye trei, halafu umeweka omu 31 kwenye njia ile ile. Mkia ukiruhusiwa na mchoro, ukate ufupi uwezavyo, na usivuke urefu uliotajwa.

Kijana wetu mmoja wa mafunzo aliniuliza wavu ufungwe ncha moja au zote mbili, kwa kuwa alishafundishwa yote mawili. Yote mawili ni kweli. Nyaya za sauti hufungwa ncha moja, kwa sababu ukifunga mbili, mngurumo wa alteneta hupata njia ya kuzunguka na rubani anausikia masikioni. Nyaya za data za kidijitali hufungwa ncha zote mbili, kwa sababu mawimbi ya masafa ya juu hayazuiwi na wavu unaoning'inia upande mmoja. Fuata mchoro wa kila waya. Nimeona nyavu zilizokatwa na mtu aliyekuwa anafukuza mngurumo wa sauti akakata na ule wa data, mngurumo ukaisha kwa sababu nyingine kabisa, na ndege ikabaki wazi.

Ukikagua, washa tochi, chukua kioo cha kukuzia, na angalia mahali waya unapotoka kwenye kofia ya konekta na mahali unapobanwa na klampu. Hapo ndipo nyuzi za wavu hukatika moja moja kwa mtikisiko. Shika kofia kwa vidole, ijaribu kuizungusha. Ikizunguka, hata robo ya duara, haijakaza. Kisha fuatilia njia ya waya: usiende sambamba na kebo ya antena, wala na waya mnene wa alteneta, na mahali zinapolazimika kukutana zikatizane kwa pembe mraba.

Mianya

Kifuniko cha kifaa kikikosa skrubu mbili, mwanya uliobaki ni mwembamba kama karatasi, na watu hupuuza. Mawimbi hayajali upana, yanajali urefu wa mwanya. Mwanya wa sentimita 15 ni nusu wimbi la gigahezi 1, na hapo unageuka antena kamili. Rudisha skrubu zote, za urefu ule ule. Gasketi yenye nyuzi za chuma ikibonyea, badilisha. Kioo cha skrini kina ngozi nyembamba isiyoonekana inayopitisha umeme, basi kisafishwe kwa dawa iliyotajwa na mtengenezaji tu, si kwa dawa ya madirisha.

Kuhusu vipete vya feraiti ambavyo watu hununua na kubana kwenye nyaya: vinasaidia kugundua tatizo, kwa sababu ukibana na kero ikapungua umejua waya gani unaleta. Kama dawa ya kudumu kwenye ndege iliyosajiliwa, bila idhini, hapana. Vina uzito, vinasugua nyaya jirani, na mara nyingi vinaficha wavu uliokatika.

Muziki kwenye sindano ya VOR

Matangazo ya FM yanaishia megahezi 108, na papo hapo zinaanza VOR na ILS, mitambo ya ardhini inayoielekeza ndege njiani na wakati wa kutua, hadi 117.975. Ni majirani wa ukuta mmoja. Vituo viwili vikali vikiingia pamoja kwenye kipokezi dhaifu, vinazaa masafa ya tatu ambayo hakuna mtu anayeyarusha. Zidisha cha kwanza kwa 2, toa cha pili: kituo cha 107.1 na cha 103.9 vinakupa 110.3, ambayo ni masafa halali ya ILS. Sindano kwenye skrini itayumba au bendera itatokea, na ukifungua sauti ya VOR unaweza kusikia mtangazaji.

Kwa sababu hiyo Kiambatisho cha 10 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kilitaka vipokezi vya ILS na VOR vitimize kiwango cha kuhimili FM kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Ndege ya zamani iliyowekewa skrini mpya huku ikiachiwa redio ya uelekezaji ya miaka ya 1980 ndiyo ninayoikagua kwanza. Skrini inalaumiwa bure; inaonyesha kwa uaminifu uongo inaopewa na kipokezi. Badilisha kipokezi, au weka chujio la FM kwenye kebo ya antena ikiwa limeidhinishwa kwa ndege hiyo.

Simu na Wi-Fi

Suala hili si la kufikirika. Mwaka 2014 FAA iliagiza zaidi ya ndege 1,300 za Boeing 737 na 777 zilizosajiliwa Marekani zibadilishiwe skrini za marubani za aina fulani ya Honeywell ndani ya miaka mitano, baada ya majaribio ya kufunga Wi-Fi kuonyesha kwamba zinavurugwa na mawimbi ya masafa hayo. Kwenye Caravan simu ya rubani au ya abiria wa mbele iko kama nusu mita kutoka kwenye paneli, na ukirudia hesabu yetu kwa wati 2 na sentimita 50 utapata karibu volti 20 kwa mita. Simu inapotafuta mtandao juu ya bahari ndipo inapopandisha nguvu hadi mwisho. Izimwe redio zake, na kompyuta kibao ya ramani isifungwe mbele ya kihisi chochote, hasa dira ya akiba.

Jaribio uwanjani

Baada ya kazi yoyote nyuma ya paneli, ivute ndege nje, mbali na hanga na majengo, ili GPS ione anga. Omba ruhusa kwa waongozaji wa mnara, na usiguse 121.500 ya dharura. Injini iwe inazunguka na alteneta inachaji, kwa sababu ndivyo ndege inavyoruka.

Washa kila kitu. Mmoja akae na redio, mwingine aangalie skrini tu, na karatasi mkononi. Bonyeza na uongee kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu ya kila redio ya VHF, nusu dakika kila moja. Angalia mwinamo, dira, kasi ya hewa, kimo, na namba za injini. Joto na mtiririko wa mafuta huwa vya kwanza kuruka, kwa kuwa vihisi vyake vinatoa volti ndogo sana. Washa otopailoti na uweke mikono mepesi kwenye usukani uhisi kama mota zinapiga teke. Kama kuna redio ya masafa mafupi, rudia kwa bendi zake zote, maana hiyo ndiyo inayoiga mnara wa nje kuliko kitu kingine ulichonacho.

Kwa GPS yapo masafa maalum: 121.150, 121.175, 121.200, 131.250, 131.275 na 131.300. Sababu yake ni hii: 121.175 mara 13, au 131.275 mara 12, inaangukia karibu kabisa na 1575.42, masafa ya GPS. Fungua ukurasa wa satelaiti uangalie vijiti vya nguvu unapobonyeza. Vikianguka, usikimbilie kubadilisha kipokezi cha GPS. Chomoa kwanza antena ya redio ya dharura, ELT, urudie. Mara nyingi ELT ndiyo inayopokea VHF na kuirudisha hewani ikiwa imezidishwa. Ukimaliza irudishe, na uandike kwamba umeirudisha.

Kero ikitokea, zima mifumo mmoja baada ya mwingine hadi ipotee, kisha washa kwa mpangilio wa kinyume. Ikirudi mahali pale pale, umeshampata.

Rubani akiwa angani

Kapteni, skrini ikitetemeka karibu na mnara, ruka kwa vyombo vya akiba na ulinganishe, otopailoti itoe kama inafuata upuuzi, na uondoke eneo hilo. Ukali hupungua kadiri unavyojitenga. Usizime na kuwasha skrini ukiwa ndani ya mawimbi, kwa sababu kihisi cha mwinamo kinahitaji utulivu kujipanga upya. Andika saa, mahali, kimo, uelekeo, redio gani ilikuwa wazi, na nini hasa kilibadilika. Taarifa hiyo inakuja kwetu, na kwa hapa Tanzania inakwenda pia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Suala la mtambo unaovuka masafa yake ni la TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kwa upande wa karakana, usiandike "sawa" kwenye kumbukumbu za viungo. Andika namba. Kiungo cha antena kilichosoma miliomu 0.6 mwaka jana na 2.1 leo bado kiko ndani ya kikomo, na karatasi ingekiruhusu kiruke. Mimi hukifungua siku hiyo hiyo, na karibu kila mara nakuta ule unga mweupe umeanza kwenye kona ya upande wa mkia, maji yanakotiririkia.